Mtoto anayetibiwa saratani anapopata ganzi na udhaifu wa miguu: mwongozo kwa wazazi na walezi wa Kigoma

Mtoto wa Kigoma akigundulika kuwa na saratani, safari yake ya matibabu mara nyingi huanzia zahanati au kituo cha afya, hupitia hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, na kuishia Bugando jijini Mwanza au Muhimbili jijini Dar es Salaam, ambako kuna wataalamu wa saratani za watoto. Awamu za mwanzo hupita akiwa chini ya uangalizi wa wauguzi. Lakini matibabu huchukua miezi mingi, na kwa saratani ya damu huweza kufika miaka miwili au zaidi, hivyo sehemu kubwa ya muda huo mtoto huwa nyumbani, Kasulu, Kibondo, Uvinza au Ujiji, akisubiri tarehe ya kurudi. Ni katika siku hizo ndipo mzazi huona mambo ambayo daktari hayaoni: mtoto aliyekuwa akikimbia sasa anajikwaa, kandambili inamvuka mguuni bila yeye kujua, anashindwa kufunga vifungo vya shati, au anakaa siku nne bila kupata choo.

Mara nyingi mambo hayo hutokana na tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, kudhuru mishipa ya fahamu. Majirani watasema ni polio, wengine watasema mtoto amerogwa, na wapo watakaoshauri dawa za hospitali ziachwe kwa sababu ndizo zinazomlemaza. Mzazi anatakiwa kujua tangu mwanzo kwamba madhara haya yanafahamika, yana hatua za kuchukuliwa, na kwa watoto wengi hupungua baada ya dawa kumalizika. Kilicho muhimu kuliko yote ni kwamba daktari aamue kuhusu dozi inayofuata akiwa na taarifa kamili za nyumbani, na taarifa hizo hana mtu mwingine wa kumpa isipokuwa wewe unayeishi na mtoto.

Dawa zinazohusika, na sababu ya miguu kutangulia

Dawa inayoongoza kwa madhara haya kwa watoto ni vinkristini. Imetumika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na imo katika matibabu ya saratani ya damu, uvimbe wa Burkitt unaojulikana kwa kuvimbisha taya na tumbo, uvimbe wa figo uitwao Wilms, saratani ya jicho na saratani nyingine kadhaa za utotoni. Watoto wengi wanaopona saratani hizi wamepitia dawa hii, na ndiyo sababu wataalamu hawaiachi kirahisi. Sisiplatini, inayotumika kwa baadhi ya saratani za mifupa na ini, nayo hudhuru mishipa ya fahamu, na zaidi ya hapo huweza kuharibu usikivu wa masikio.

Ndani ya kila mshipa wa fahamu kuna vijinjia vyembamba vinavyosafirisha virutubisho kutoka kwenye kiini cha seli, kilichoko karibu na uti wa mgongo, hadi ncha ya mwisho kabisa. Vinkristini huzuia vijinjia hivyo visijengeke, kwa kuwa seli za saratani nazo huvihitaji ili zigawanyike. Ni sawa na mzigo unaokwama kwenye Reli ya Kati: mji unaoishiwa bidhaa mapema ni ule ulioko mwisho wa reli, yaani Kigoma. Mishipa mirefu kuliko yote mwilini ni ile inayofika vidoleni mwa miguu, kwa hiyo ganzi huanzia huko, ikapanda kuelekea kwenye vifundo, kisha ikajitokeza kwenye vidole vya mikono.

Watoto hawaathiriki kwa kiwango kimoja. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana kimeng'enya kinachoitwa CYP3A5, ambacho huvunja vinkristini kwa haraka zaidi, na inaaminika kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya baadhi ya watoto wetu kupata madhara mepesi. Hata hivyo usilegeze macho kwa sababu hiyo. Iwapo katika ukoo kuna watu wenye nyayo zilizopinda sana na miguu iliyokonda na kudhoofika tangu ujana, mweleze daktari kabla ya dozi ya kwanza, kwa maana kuna ugonjwa wa kurithi wa mishipa ya fahamu, uitwao Charcot-Marie-Tooth, ambao huifanya vinkristini imdhuru mtoto vibaya sana.

Dalili za kuangalia

Mtoto mkubwa ataweza kukwambia kwamba vidole vimekufa ganzi, vinamchomachoma au vinawaka moto usiku. Mtoto mdogo hana maneno hayo. Yeye ataomba kubebwa wakati alikuwa ameshazoea kutembea, atakataa kuvaa viatu, atalia akiguswa nyayo au ataanza kuangusha kikombe. Mwenye udhaifu wa mguu hunyanyua goti juu kuliko kawaida ili vidole visiburuze, na unyayo wake husikika ukipiga sakafu badala ya kutua kwa kisigino. Akishindwa kupanda ngazi au kusimama kutoka kuchuchumaa bila kujishika magotini, andika hilo pia.

Maumivu ya taya huwashtua wazazi wengi kwa sababu huja mapema, pengine saa chache au siku chache tu baada ya dozi. Mtoto hushika mashavu na kukataa kula, na anayenyonya hukataa titi. Kwa kawaida maumivu hayo hupita yenyewe ndani ya siku chache. Sauti ikikwaruza, au kope ya jicho ikishuka, huenda mishipa ya koo na ya uso nayo imeguswa, na hilo halipaswi kusubiri tarehe ya kliniki.

Choo

Nalipa suala la choo nafasi yake kwa sababu ndilo linalopuuzwa zaidi. Vinkristini hudhoofisha mishipa inayoendesha utumbo, kwa hiyo chakula hutembea polepole, maji hufyonzwa mno na choo hukauka. Choo kigumu huweza kumchana mtoto sehemu ya haja kubwa, na kwa mtoto ambaye chembe zake nyeupe za damu zimeshuka, mchano mdogo kama huo ni mlango wa vijidudu kuingia kwenye damu.

Usisubiri choo kifunge ndipo uanze kuhangaika. Kabla ya kuondoka hospitalini, uliza kama mtoto aandikiwe dawa ya kulainisha choo, kama vile laktulosi, na itolewe siku zipi kuzunguka dozi. Nyumbani mpe maji safi mara kwa mara, uji mwepesi, papai na parachichi vilivyooshwa na kumenywa kwa mikono safi, maharage yaliyoiva vizuri, na matembele yaliyopikwa. Ugali wa dona husaidia kuliko ule wa muhogo mtupu. Akila dagaa au migebuka kwa ajili ya kujenga mwili ni vizuri, ila samaki peke yake hamlainishii choo.

Jambo ambalo halifai kabisa ni kumpiga bomba la maji ya sabuni, kumwekea dawa kwa njia ya haja kubwa au kuingiza kidole ili kumsaidia, isipokuwa daktari wake ameagiza. Hata kama kwenye ukoo wenu watoto wote wamekuwa wakitibiwa hivyo, mtoto huyu kinga yake si kama ya wengine. Tumbo likivimba na kukaza, akianza kutapika, au akiacha kabisa kutoa hewa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kumpima nyumbani na kumweleza daktari

Chagua siku moja ya wiki, saa ambayo mtoto hajachoka, na umfanyie kipimo kilekile kila mara ili uweze kulinganisha. Mvue viatu, mwache atembee hatua kumi kwenye sakafu au uwanja tambarare wewe ukiwa mbele yake, kisha arudi ukiwa nyuma. Mwambie atembee kwa visigino huku vidole vikiwa vimenyanyuka juu, ukiwa karibu wa kumdaka. Mtoto mwenye zaidi ya miaka minne au mitano kwa kawaida huliweza hilo kama mchezo, na asipoweza, au mguu mmoja ukishindwa kunyanyuka, misuli ya mbele ya mguu imeanza kulegea. Baada ya hapo mfumbe macho, umguse vidole kwa kipande cha pamba, naye akwambie umemgusa wapi. Mpe shati afunge vifungo, au umwagie punje chache za mahindi kwenye sinia aziokote moja moja.

Matokeo yaandike kwenye daftari pamoja na tarehe ya dozi ya mwisho. Maneno mafupi yanatosha: "Siku ya sita baada ya dripu, anatembea vizuri, visigino hawezi mguu wa kulia, choo kigumu mara moja." Kama una simu inayopiga video, mrekodi akitembea, kwa sababu siku ya kliniki, baada ya kukaa kwenye basi kutoka Kigoma hadi Mwanza, mtoto huwa amechoka na amebebwa mgongoni, na daktari mwenye foleni ndefu huenda asimwone akisimama.

Ukifika, usingoje kuulizwa. Ongea kabla dawa haijaanza kuingia:

"Shikamoo daktari. Kabla hamjamwekea dripu naomba unisikilize kidogo. Tangu wiki iliyopita mwanangu hawezi kutembea kwa visigino, mguu wa kulia unaburuza, na juzi alianguka mara tatu uwanjani bila kujikwaa. Choo alipata mara ya mwisho Jumapili. Nimeandika humu, na video ninayo."

Maelezo ya namna hiyo humpa daktari kitu cha kushika. Ganzi nyepesi, au kupotea kwa mshtuko wa kifundo anapogongwa kwa nyundo ndogo, kwa kawaida hakubadilishi dozi. Maumivu makali au mguu uliolegea huweza kumfanya apunguze kiasi cha dawa au aisimamishe kwa muda, kisha airudishe mtoto anapopata nafuu. Huo ni uamuzi wake, akipima madhara ya dawa dhidi ya hatari ya saratani kurudi. Wapo wazazi wanaoficha dalili kwa kuogopa dawa itakatizwa, na wapo wanaoacha kurudi kliniki kwa kuogopa mtoto atalemaa. Wote nawaelewa, na wote wanamweka mtoto hatarini.

Wakati dawa inaingia, kaa karibu na mkono wenye sindano. Vinkristini ikivuja nje ya mshipa wa damu huunguza nyama, hivyo mtoto akilia kwamba panawaka, au ukiona pamevimba, mwite muuguzi papo hapo. Fahamu pia kwamba dawa hii ni ya mshipa wa damu tu. Ikiingizwa kwenye uti wa mgongo huua, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari likihimiza itayarishwe kwenye mfuko mdogo wa dripu na si kwenye bomba la sindano. Mzazi anayeuliza kwa adabu, "Sista, hii ni dawa gani na inaingia wapi?" hajavuka mipaka yake.

Yasiyosubiri tarehe ya kliniki

Miguu ikipoteza nguvu ghafla, ndani ya saa au siku chache, hasa ikiambatana na maumivu ya mgongo, kushindwa kukojoa au kujikojolea, usidhani ni vinkristini. Uvimbe, hasa wa Burkitt, huweza kukandamiza uti wa mgongo, na kila saa inayopita hupunguza uwezekano wa mtoto kutembea tena. Vilevile nenda hospitali mara moja akipata degedege au kuzubaa kusiko kwa kawaida, kwa maana vinkristini huweza kushusha chumvi ya damu. Kupumua kwa sauti ya kukoroma akiwa macho, kupaliwa kila anapokunywa, na homa ya nyuzi 38 au zaidi, navyo ni vya kukimbiza. Anzia hospitali iliyo karibu, onyesha kadi na karatasi za rufaa, na uwaombe wampigie simu daktari anayemtibu mtoto.

Kulinda miguu isiyohisi

Mguu wenye ganzi huumia bila kulia. Ndiyo maana mila yetu ya kukanda viungo kwa maji ya moto, yenye nia njema kabisa, imewaunguza baadhi ya wagonjwa ambao hawakuweza kusema kwamba yamezidi. Bibi akitaka kumkanda mjukuu, ampapase taratibu kwa mafuta bila maji ya moto. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko cha mtu mzima. Jiko la mkaa na mafiga yawe mbali na anapokaa mtoto, na usiku wa baridi asiachwe aote moto akiwa amenyoosha nyayo.

Kila jioni, baada ya kumnawisha na kumkausha katikati ya vidole, geuza nyayo zote mbili kwenye mwanga na uziangalie. Tafuta malengelenge, michubuko, mbigili na funza. Funza ni tatizo la kweli katika vijiji vyetu vingi, na mtoto asiyehisi muwasho anaweza kukaa naye hadi kidole kioze. Ukimkuta, mpeleke kituo cha afya akatolewe kwa vifaa safi, usimtoboe kwa pini.

Kandambili hazimfai mtoto ambaye mguu wake umelegea, kwani hudondoka na kumwangusha. Mtafutie raba nyepesi zinazofungwa na kushika kisigino, zikiwa na nafasi kidogo mbele, na uzikung'ute kabla hajazivaa. Chooni, hasa choo cha shimo, kuchuchumaa kunahitaji nguvu ambazo huenda hana. Fundi seremala anaweza kutengeneza kigoda chenye tundu katikati, na mti imara uliochimbiwa pembeni utampa pa kujishika. Usiku asiende peke yake, na tochi isikose.

Mazoezi

Misuli ya mbele ya mguu ikilegea, shavu la mguu la nyuma hubaki likivuta, na kano ya nyuma ya kisigino huanza kufupika, kiasi kwamba hata mishipa ya fahamu ikipona mtoto hutembea kwa ncha za vidole. Kulizuia hilo ni rahisi kuliko kulirekebisha. Mlaze chali goti likiwa limenyooka. Shika kisigino chake kwenye kiganja chako, unyayo wake ulale kwenye mkono wako kuelekea kiwikoni, kisha egemea polepole mpaka vidole vyake vielekee kwenye uso wake. Anapaswa kuhisi kuvutika, si maumivu. Hesabu hadi 30, achia, rudia mara tatu au nne kila mguu, asubuhi na jioni. Usiku blanketi zito lisikandamize vidole kuelekea chini.

Yaliyobaki yawe michezo: kutembea kwa visigino akishika ukuta, kuinuka kwenye kigoda bila kutumia mikono, kusimama kwa mguu mmoja ukiwa umemshika, kuokota leso kwa vidole vya mguu, kukanda unga wa chapati. Siku ambayo ana homa, au ameambiwa damu yake imeshuka sana, apumzike. Ombeni pia mapema rufaa ya kumwona mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Mtaalamu huyo huweza kumpatia kifaa cha plastiki kinachoushikilia mguu usining'inie. Kila kinapovuliwa, kagua ngozi. Alama nyekundu isiyofutika baada ya nusu saa ina maana kinambana na kinahitaji kurekebishwa.

Dawa na mitishamba

Hadi sasa hakuna dawa wala vitamini iliyothibitishwa kuwa inazuia madhara haya. Maumivu ya kuwaka na kuchomachoma hayasikii sana parasetamoli. Daktari anaweza kuandika gabapentini au amitriptilini kwa dozi ya mtoto. Parasetamoli yenyewe isitolewe kabla ya kupima joto, kwani huficha homa, na aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziachwe kwa sababu huongeza hatari ya kutokwa damu.

Dawa za dukani zina mtego mwingine. Mtoto akipata utando mweupe mdomoni, muuzaji anaweza kukupa dawa ya fangasi. Itrakonazoli, ketokonazoli na vorikonazoli huzuia ini lisiivunje vinkristini, na madhara kwa mishipa ya fahamu huongezeka sana. Baadhi ya dawa za VVU zenye ritonaviri hufanya vivyo hivyo, na isoniazidi ya kifua kikuu hudhuru mishipa hiyohiyo. Hii haina maana kwamba mtoto aache dawa za VVU au za kifua kikuu. Beba vidonge vyote kwenye mfuko mmoja na umwonyeshe daktari. Mwambie pia ukweli kuhusu mitishamba, bila woga. Vinkristini ilitokana na mmea wenye maua ya waridi au meupe ambao asili yake ni Madagaska na ambao hupandwa kama pambo kwenye bustani. Mmea huo usichemshwe na kunywewa, kwa maana una sumu na hakuna anayejua kiasi kilichomo kikombeni. Chale za wembe miguuni nazo zikatazwe kabisa.

Shuleni

Nenda umwone mwalimu wa darasa ana kwa ana. Mweleze kwamba mtoto si mvivu na ugonjwa wake hauambukizi, kwamba asishiriki mchakamchaka wala kuchota maji, akae karibu na mlango, aruhusiwe kwenda chooni bila kungoja, na aongezewe muda wa kuandika. Penseli ikizungushiwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli huwa nene, na vidole vyenye ganzi huishika vizuri zaidi. Umwombe pia akupigie simu mara moja mwanafunzi wa darasa hilo akipata surua au tetekuwanga.

Baada ya dozi ya mwisho

Madhara ya vinkristini huanza kupungua ndani ya wiki au miezi baada ya dawa kusimama, ingawa baadhi ya watoto hubaki na udhaifu kidogo wa miguu au mikono kwa muda mrefu. Kwa sisiplatini hali huweza kuzidi kuwa mbaya kwa miezi kadhaa hata baada ya dawa kwisha, na usikivu unapaswa kuendelea kupimwa. Endelea na kunyoosha kano na kukagua nyayo mpaka mtaalamu akwambie inatosha. Siku ya kuruhusiwa, omba karatasi yenye majina ya dawa zote alizopewa mtoto na jumla ya dozi zake. Piga picha kwenye simu, na nakala moja ya karatasi uipeleke Maweni au hospitali ya wilaya yako, ili daktari wa karibu atakayemwona mtoto akijikwaa mwaka ujao ajue aanzie wapi.